Usukani wa pikapu kuukuu unacheza: tafuta ulegevu ulipo kabla ya kushika bisibisi

Ukiipeleka Hilux ya zamani gereji ukasema usukani unacheza, kuna uwezekano mkubwa fundi akaanzia kwenye ile skrubu iliyo juu ya stering boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye fimbo za matairi. Atalegeza nati yake, atazungusha bisibisi, atakaza tena, na baada ya muda mfupi unalipa na kuondoka. Njia nzima utahisi gari limepona. Halafu kwenye kona ya kwanza ya maana usukani unagoma kurudi wenyewe, na baada ya muda ule mchezo uko palepale, safari hii na boksi lenyewe limeanza kuliwa.

Skrubu ile ina kazi yake, ila iko mwisho wa foleni. Kati ya mikono yako na tairi kuna maungio mengi, na kila moja likilegea kidogo tu, ulegevu wote unajumlishwa unakujia mkononi. Kazi kubwa hapa ni kutafuta. Kufunga spea ni sehemu rahisi.

Ninayoyaeleza ni ya pikapu zenye stering boksi, hasa Hilux za kati ya 1988 na 1997 ambazo mpaka leo zinabeba mahindi, mabati na mbuzi vijijini. Zipo za aina mbili kwa mbele. Moja ina ekseli nzima na springi za majani, kama LN106. Nyingine ina toshenba (fimbo ya chuma inayojipinda, inayofanya kazi ya springi) na amu, yaani mikono inayobeba tairi, za juu na chini kila upande. Chuchumaa mbele ya bampa uangalie: ukiona ekseli moja nene inayokwenda kutoka tairi hadi tairi na majani ya springi yamefungwa juu au chini yake, una ya kwanza. Land Cruiser pikapu ya 75 nayo iko kundi hilo. Kama gari lako lina reki (fimbo ya meno inayosukuma matairi, badala ya boksi), sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu.

Vitu vya kuandaa

Jeki, stendi mbili za uhakika, kabari za matairi, spana zako za kawaida, nyundo mbili, koleo, spliti pini mpya za saizi mbalimbali, bomba la grisi, chuma kirefu cha kubinulia, futi ya kupimia, chaki na tochi. Unahitaji pia mtu mmoja wa kukaa kwenye usukani. Tingo anafaa kabisa, mradi awe msikivu: ukisema "acha" aache hapo hapo. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na matofali ya saruji si stendi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni usukani kweli

Gari kuyumba na usukani kulegea ni mambo mawili tofauti, ingawa dereva anayahisi kwa mikono ileile. Anza na upepo wa matairi. Tairi moja la mbele likiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake, gari linavuta upande huo. Matairi ya aina tofauti kushoto na kulia nayo huleta kuyumba ambako hakuna tairodi, yaani fimbo ya kugeuza matairi, itakayokuondolea.

Angalia na mzigo. Pikapu iliyopakiwa lumbesa mpaka nyuma ya bodi, uzito ukawa umepita ekseli ya nyuma, huinuliwa pua. Matairi ya mbele yanakanyaga kwa woga na usukani unakuwa mwepesi kama umelegea. Shusha mzigo ndipo upime.

Kwa gari la springi, tazama yu-bolti zinazobana ekseli kwenye springi, kisha bushi na shakoli (vishikio vya ncha ya springi). Kukiwa na mng'aro wa chuma kilichosuguliwa au kutu nyekundu kama unga pembeni ya yu-bolti, ekseli inatembea. Hapo unaweza kubadilisha kila kitu cha usukani na gari likaendelea kwenda linakotaka.

Hatua ya pili: pima

Weka gari kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa yamenyooka mbele. Kama lina pawa stering, washa injini. Bandika kipande cha utepe kwenye ukingo wa usukani, shikilia futi jirani yake, kisha zungusha usukani taratibu kwa kidole kushoto na kulia huku mwenzako akiangalia tairi la mbele. Mara tairi linapoanza kutikisika, soma. Umbali wote ambao ukingo wa usukani unatembea bila tairi kuitikia ndio mchezo. Kwa Hilux hizi kikomo ni milimita 30. Chini ya hapo gari liko ndani ya kipimo. Likiwa na sentimita saba au nane, usiende nalo safari.

Andika namba hiyo. Ndiyo itakayokuonyesha kama spea uliyonunua imefanya kazi au umebadilisha kitu kizima.

Hatua ya tatu: fuata mchezo kwa mkono

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Gari liwe chini kwa matairi yake, breki ya mkono juu, kabari nyuma, injini imezimwa. Mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi, kama inchi mbili hivi, bila kusimama. Kama pawa stering imezimwa na usukani ni mzito mno, washeni, lakini mikono na nguo zako zikae mbali na feni na mikanda.

Kanuni ni hii: weka kiganja juu ya ungio, vidole upande mmoja na kidole gumba upande wa pili. Ungio zima hupeleka mwendo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ungio lililoliwa utalihisi: upande mmoja unaanza, upande wa pili unachelewa, halafu kunakuja "tk". Macho yanadanganya kwenye giza la chini ya gari, kiganja hakidanganyi.

Anzia juu. Fungua boneti, shika shafti inayotoka kabini kwenda kwenye boksi. Ina krosi ndogo (ungio la msalaba), na baadhi ya magari yana kapulingi ya mpira. Shafti ya juu ikizunguka kabla ya ile ya chini, tatizo umelipata bila hata kulala chini. Mara nyingine ni bolti tu ya kubana krosi imelegea.

Kisha tazama boksi lenyewe linavyokaa kwenye chesisi. Hapa wengi hupita bila kuangalia. Boksi lote likisogea kila usukani unapotikiswa, bolti zake zimelegea, au chesisi imepasuka pembeni ya matundu ya bolti. Futa tope na oili, mulika kwa tochi, tafuta mstari mwembamba wenye kutu. Magari yaliyofungwa matairi makubwa kuliko yaliyotoka nayo kiwandani hupasuka hapo zaidi. Ufa wa namna hiyo unahitaji fundi wa kuchomelea anayejua chesisi, atakayeweka bamba la kuimarisha. Kuuziba kwa juujuu ni kuahirisha ajali.

Chini ya boksi kuna mkono unaoitwa pitimani. Shafti inayoingia kwenye boksi ikizunguka na pitimani ikachelewa, mchezo uko ndani ya boksi. Kabla ya kuamua hivyo, shika pitimani uitikise juu na chini, kisha pembeni. Ikitikisika pamoja na shafti yake na kuna oili inavuja pale sili ilipo, bushi ya ndani imekwisha, na hakuna skrubu itakayorudisha bushi iliyokwisha. Angalia pia nati kubwa inayoshika pitimani kama imekaza.

Kuanzia hapa aina mbili zinaachana njia.

Kwenye gari la ekseli nzima, kutoka pitimani kuna draglinki inayokwenda hadi kwenye mkono uliofungwa juu ya kichwa cha ekseli, yaani ile sehemu ya mwisho wa ekseli inayogeuka na tairi; kwenye Hilux ni upande wa dereva. Hisi ncha zote mbili. Kisha tazama kwa makini ule mkono wa juu ya kichwa cha ekseli: umeshikwa na stadi nne zenye washa za koni. Stadi hizi zina tabia ya kulegea, na zikishalegea hukatika moja baada ya nyingine. Ukiona mkono unapumua, yaani grisi inatoka na kuingia pale unapokutana na kichwa kila usukani unapotikiswa, simamisha gari. Usiliendeshe mpaka stadi zikaguliwe na kukazwa. Halafu malizia na tairodi ndefu inayounganisha tairi la kulia na la kushoto.

Kwenye gari la toshenba, pitimani inavuta fito la katikati linaloitwa relei rodi. Mwisho wa pili wa fito hilo unashikiliwa na aidola amu, iliyofungwa kwenye chesisi upande usio na boksi. Aidola ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote kwenye gari hizi. Shika relei rodi karibu na aidola, sukuma juu, vuta chini. Ikipanda na kushuka waziwazi, bushi zake zimekwisha. Baada ya hapo kuna tairodi endi nne, mbili za ndani na mbili za nje.

Piga alama ya chaki kila unapokuta mchezo. Usifungue kitu kwanza. Mara nyingi utakuta alama tatu au nne, na ukiwa na orodha nzima utaenda dukani mara moja.

Hatua ya nne: inua tairi

Inua upande mmoja, weka stendi. Kwa gari la ekseli, stendi ikae chini ya ekseli. Kwa la toshenba, angalia toshenba imefungwa amu ipi: ikiwa ya chini, weka stendi chini ya amu ya chini, karibu na boljointi (ungio la gololi linaloshika amu na tairi); ikiwa ya juu, weka chini ya chesisi, ili boljointi isibanwe na uzito ukashindwa kuona mchezo wake.

Shika tairi kushoto na kulia, litikise. Mchezo wa hapa kwa kawaida ni wa tairodi. Sasa shika juu na chini. Kukiwa na mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki na ujaribu tena. Ukipotea, ni wili beringi. Ukibaki, ni boljointi, au kwa gari la ekseli ni beringi za kingi pini zilizo ndani ya kichwa cha ekseli. Jaribio hili la breki ni la bure na linaokoa pesa: boljointi nzima nyingi hutupwa kwa kosa la beringi iliyohitaji kukazwa tu.

Hatua ya tano: rekebisha, kwa mpangilio

Anza na wili beringi, kwa sababu mchezo wake unakuchanganya kila mahali pengine. Nati za habu za Hilux ya fo wili huchukua soketi ya 54. Ziko mbili, katikati kuna washa ya kufungia ambayo kingo zake hukunjwa. Watu hupiga nati hizi kwa tindo, ndiyo maana nyingi zimeliwa pembe. Nunua soketi. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kwa wepesi mpaka mchezo uishe na habu bado inazunguka bila kukwama. Funga washa mpya, nati ya nje, kunja kingo.

Ncha za draglinki kwenye Hilux ya ekseli zinarekebishika, jambo ambalo fundi wengi hawalijui, wanaishia kuuza draglinki nzima. Toa spliti pini, safisha, kaza plagi ya mwisho mpaka igome, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja na theluthi hivi, mpaka tundu la spliti pini lionekane. Weka pini mpya, pampu grisi. Ukiiacha imegoma kabisa, gololi ya ncha haitakuwa na nafasi ya kucheza na usukani utakuwa mgumu. Kama vikombe vya ndani vimeliwa umbo la yai, hapo ndipo ubadilishe.

Tairodi endi na boljointi hazitengenezwi. Najua zipo gereji zinazofungua boljointi, zinaweka nailoni ya kuchongwa na kuchomelea kifuniko, na bei yake ni ndogo. Kwenye shokapu au kioo cha mlango fanya utakavyo. Boljointi ikichomoka ukiwa mwendo, tairi linalala chini ya gari na usukani hauna tena kazi. Kadhalika usikubali kuchomelea pitimani, mkono wa usukani wala tairodi: moto unaondoa uimara wa chuma kile, na kitakatika pembeni ya weldi.

Kutoa tairodi endi: toa spliti pini, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache. Weka nyundo moja upande mmoja wa jicho la mkono (pale bolti ya ncha ilipopenya), piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Piga jicho. Ukipiga ncha ya bolti utaiharibu. Mapigo machache mazito na ungio linaachia. Kabla ya kufungua ncha kwenye fimbo, hesabu nyuzi zilizo nje au pima urefu, ili ile mpya iingie pale pale. Wakati wa kufunga, nati ikikaza na tundu la spliti pini halijalingana, kaza mbele mpaka tundu linalofuata. Usirudishe nyuma kutafuta tundu.

Beringi za kingi pini hurekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vilivyo chini ya mkono wa usukani na chini ya kichwa. Ukipunguza shimu, beringi inabanwa. Lakini ukifungua ukakuta supu ya grisi na oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekwisha, na beringi hizo zimeoga uchafu. Badilisha beringi na sili zote kwa pamoja. Ni kazi ya siku nzima na ni chafu, mpe fundi aliyewahi kuifanya.

Kuhusu spea: Gerezani kwa Dar na Kirinyaga Road kwa Nairobi utapata kila daraja. Tairodi endi na boljointi za chapa ya 555 ya Japani zina jina zuri, na kwa sababu hiyo hiyo zinaigwa. Boksi zuri peke yake si ushahidi. Shika ungio mkononi, lizungushe: jipya la maana ni gumu na laini kwa pamoja, halina kukwaruza, na mpira wake umekaa sawasawa pande zote. Likining'inia lenyewe kwa uzito wake, mrudishie muuzaji.

Hatua ya sita: sasa boksi

Pima tena kwenye ukingo wa usukani. Mara nyingi ukifika hapa umeshaingia ndani ya milimita 30 na skrubu huihitaji kabisa.

Kama bado, kuna jambo la kukagua kwanza. Boksi hutengenezwa likiwa limebana zaidi katikati yake, kwa sababu ndipo gari linaposhinda, na huwa na nafasi zaidi ukienda pembeni. Sasa ikitokea fundi alikuta usukani umekaa upande, badala ya kurekebisha draglinki au tairodi akachomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka, gari lako linatembea mbele huku boksi likiwa pembeni ya katikati yake. Litacheza siku zote. Kujua: zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko mpaka mwisho wa kulia, rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Tazama matairi. Yakiwa hayajanyooka, rekebisha urefu wa fimbo kwanza, usukani ndio uchomolewe mwisho.

Boksi likiwa katikati yake, inua mbele na stendi zake, na ikiwezekana tenganisha ungio la pitimani ili uhisi boksi peke yake. Shika skrubu kwa bisibisi isizunguke, legeza nati yake. Kaza skrubu kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, funga nati, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukihisi mahali pazito katikati, umezidisha, rudi. Ukifika robo mzunguko bila mabadiliko ya maana, acha: ndani kumeliwa, na boksi linahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Angalia na oili. Boksi lisilo na pawa linatumia oili ya gia namba 90, na wengi hawajawahi kulifungua kifuniko tangu wanunue gari. La pawa linatumia ATF ya Dexron. Ikiwa na mapovu, kuna hewa inaingia kwenye hozi.

Kuna pia ile shokapu ndogo ya usukani kwenye magari ya ekseli. Hiyo inatuliza mtikisiko, haiondoi mchezo. Gari likigonga shimo ukiwa kwenye 70 na mbele yote ikaanza kutetemeka mpaka usimame, kufunga shokapu mpya ni kuficha beringi za kingi pini au draglinki iliyolegea. Itanyamaza kwa muda, kisha itarudi na nguvu zaidi.

Hatua ya saba: alaimenti na kujaribu

Ukigusa tairodi, alaimenti (mwelekeo wa matairi) imeharibika, hata kama ulihesabu nyuzi. Ili ufike salama kwenye mashine, pima mwenyewe: piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa mbele, usawa wa kitovu cha tairi. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mpaka alama zifike nyuma kwa usawa uleule, pima tena. Mbele kunatakiwa kuwe kufupi kidogo kuliko nyuma, milimita chache tu. Kukiwa kurefu, matairi yanatazama nje na gari litahangaika barabara nzima. Zungusha fimbo ya tairodi, kaza klampu zake, na uhakikishe hazigusi kitu usukani ukiwa umekata mpaka mwisho kila upande.

Jaribu kwanza kwenye uwanja au barabara isiyo na watu, mwendo wa kutembea. Kata kona, legeza mikono: usukani unatakiwa urudi wenyewe. Ukikwama njiani, skrubu ya boksi imekazwa mno au boljointi mpya imebana, usiingie barabara kuu.

Baada ya siku chache za kazi, rudi chini ya gari na spana. Kaza tena klampu za tairodi, bolti za boksi, na zile stadi nne za juu ya kichwa cha ekseli.